Sindano za mifupa: ipi inafaa kwa mama mzee wa Moba?

Siku ya likelemba iliyopita, baada ya hesabu kufungwa na wengine kwenda zao, mwenzetu mmoja alibaki ameketi na karatasi mkononi. Ilikuwa karatasi ya daktari wa Kalemie, na aliyeandikiwa ni mama mkwe wake, mwenye miaka iliyopita 70. Mwaka jana mama huyo aliteleza karibu na kisima, akajishika kwa mkono, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Tukasema ni bahati mbaya. Safari hii hakuanguka. Aliinama tu kuinua beseni la muhogo, akasikia mgongo umekatika kama kijiti. Familia ilimpeleka Kalemie kwa boti, akapigwa radio, na radio ikaonyesha mifupa miwili ya uti wa mgongo imebonyea.

Kwenye karatasi daktari aliandika osteoporozi, na chini yake kwamba mgonjwa atumie dawa ya sindano kwa sababu ana vidonda vya tumbo na vidonge havitamfaa. Hakuandika ni sindano gani. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Binti yake aliyeko Ulaya alipiga simu akasema huko kuna sindano ya kila miezi sita, ataituma na msafiri. Muuzaji wa dawa mmoja akasema anayo sindano ya kalsiamu, apigwe kumi atapona. Shemeji akasema amesikia kuna serumu ya mara moja kwa mwaka. Familia inapaswa kuchanga, na fedha za kuchanga mara mbili hazipo.

Basi wakatugeukia sisi walimu: “Ninyi mnaosoma, tuambieni.” Sisi si madaktari. Tuliomba siku chache, tukakaa na daktari mmoja anayetusaidia, tukasoma, tukachora mistari ubaoni kama tunavyofanya darasani. Haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika hapa kwa sababu mama huyu hayuko peke yake. Kila mtaa una mama aliyefupika, ambaye kitenge chake cha zamani sasa kinaburura chini.

Kwanza tuelewane juu ya neno sindano. Hapa kwetu mama akisema amepigwa sindano kwa ajili ya mgongo, mara nyingi ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni diklofenaki. Inatuliza maumivu, haitengenezi mfupa, na kwa mzee ikirudiwa rudiwa inaumiza figo na tumbo. Ya pili ni ile nyekundu ya vitamini B. Rangi yake inavutia lakini mfupa uliobonyea hauijui. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni deksametazoni. Mama akipigwa anasikia nafuu siku hiyo hiyo, anarudi kuomba nyingine, na kumbe dawa za jamii hiyo zikitumiwa kwa muda mrefu ndizo zinazokula mfupa. Tena deksametazoni ndiyo inayouzwa kwa vidonge kwa wasichana wanaotaka kunenepa kabla ya harusi. Binti anaongeza mashavu leo na kupunguza mfupa wa kesho. Tulikuwa na nia ya kuandika mstari mmoja tu juu ya jambo hili, lakini tumeona hasira inatusukuma.

Na sindano ya kalsiamu ya muuzaji wetu? Hiyo ipo kweli, na lopitali wanaitumia kwa mtu ambaye kalsiamu ya damu yake imeshuka ghafla. Inapitishwa polepole kwenye mshipa huku mgonjwa akiangaliwa, maana ikiingia kwa haraka inaweza kuuyumbisha moyo. Si tiba ya osteoporozi. Kumi hazitafanya kitu ambacho moja haikufanya.

Sasa tuje kwenye sindano zenyewe. Ili kuzielewa, fikirini nyumba ya matofali. Ndani ya mfupa kuna mafundi wa aina mbili wanaofanya kazi maisha yote: hawa wanabomoa tofali lililochakaa, wale wanaweka jipya. Mama akiwa kijana, wanakwenda sawa. Hedhi ikikoma, wabomoaji wanapata nguvu kuliko wajenzi, na ukuta unabaki na matundu bila mwenye nyumba kusikia lolote, mpaka siku ya beseni la muhogo. Dawa nyingi za sindano zinawafunga mikono wabomoaji. Chache zinawaamsha wajenzi.

Kati ya zinazofunga wabomoaji, ya kwanza ni asidi zoledroniki. Hii ndiyo serumu ya shemeji. Kwa osteoporozi kipimo chake ni miligramu 5, inapitishwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka, kwa muda usiopungua dakika 15. Wazungu waliijua kwa jina la Aclasta, lakini leo viwanda vingi vinaitengeneza, hata vya India, na bei yake imeshuka sana kuliko ilivyokuwa ilipoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 2007. Jihadharini na jambo moja: dawa hiyo hiyo iko katika chupa ya miligramu 4, ambayo wagonjwa wa saratani iliyoingia mifupani hupewa mara nyingi zaidi kwa mwaka. Mkituma mtu mjini kununua, karatasi iseme miligramu ngapi na ugonjwa gani.

Ya pili ni denosumabu, sindano ya binti wa Ulaya, ambayo jina lake la duka ni Prolia. Ni miligramu 60 chini ya ngozi, kila miezi sita. Ilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2010. Iko pia ibandronati, ambayo inapigwa kwenye mshipa kila miezi mitatu; hiyo tuliiacha mapema, kwa sababu haikuonyesha wazi kwamba inalinda mfupa wa nyonga, na nyonga ndiyo inayolaza mzee kitandani asiinuke tena.

Zinazojenga ni teriparatidi na romosozumabu. Teriparatidi anajipiga mama mwenyewe kila siku kwa kalamu maalumu, hadi miaka miwili. Tuliwapa watoto wa darasa la tano hesabu hiyo bila kuwaambia ni ya nini: siku 365 mara 2. Ni sindano 730, na kalamu ikikaa kwenye frigo wakati wote. Romosozumabu ni ya kila mwezi kwa mwaka mmoja tu, ilikubaliwa Marekani mwaka 2019, na haipewi mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi katika mwaka uliotangulia. Zote mbili zina nguvu kwa mgongo uliovunjika vibaya. Zote mbili ni ghali, na zikimalizika lazima mgonjwa apewe dawa nyingine ya kulinda kilichojengwa, la sivyo kinabomoka tena. Mama anayeishi Brussels na daktari wa mifupa karibu ya nyumba, sawa. Kwetu tuliziweka pembeni bila kubishana.

Zikabaki mbili: serumu ya mwaka na sindano ya miezi sita. Hapo tulikaa jioni mbili.

Kwa nguvu, zinakaribiana. Utafiti mkubwa wa asidi zoledroniki uliotolewa mwaka 2007 ulifuata wamama zaidi ya 7,000 waliokoma hedhi, kwa miaka mitatu. Kati ya kila wamama 100 waliopewa serumu isiyo na dawa, karibu 11 walipata mfupa mpya wa mgongo uliobonyea. Kati ya 100 waliopewa dawa, ni kama 3. Kwa nyonga, zaidi ya 2 kati ya 100 walivunjika bila dawa, na kwa dawa karibu 1 na nusu. Utafiti wa denosumabu wa mwaka 2009, nao wa wamama zaidi ya 7,000 na miaka mitatu, ulionyesha mgongo kushuka kutoka karibu 7 kati ya 100 hadi 2. Mtu asikimbilie kusema 2 ni ndogo kuliko 3, basi denosumabu imeshinda. Ni mitihani miwili tofauti, na wanafunzi tofauti. Hatulinganishi pointi za shule mbili zisizofanya mtihani mmoja. Tunachoweza kusema ni kwamba kila moja ilipunguza mivunjiko ya mgongo kwa karibu theluthi mbili.

Kuna utafiti mwingine wa serumu hiyo ulioligusa moyo wetu zaidi. Walichukua wazee waliokwisha vunjika nyonga na kutengenezwa, wakawapa dawa kila mwaka. Pamoja na kuvunjika kidogo zaidi, waliokufa walikuwa wachache kwa karibu robo kuliko wale wasiopewa. Sisi ambao tumezika bibi zetu miezi michache baada ya nyonga kuvunjika, tunajua namba hiyo inasema nini.

Kama nguvu zinakaribiana, tofauti iko wapi? Iko katika kungoja.

Asidi zoledroniki inajishika kwenye mfupa na kukaa humo muda mrefu. Boti ikichelewa, barabara ikikatika kwa mvua, fedha zikikosekana, mama akapata serumu yake baada ya miezi 14 badala ya 12, hakuna msiba. Baada ya miaka mitatu daktari anaweza hata kumpumzisha mgonjwa aliye na hali nzuri kwa muda, na kinga haipotei yote mara moja.

Denosumabu haijishiki kwenye mfupa. Inawafunga wabomoaji kamba, na kamba hiyo inaoza baada ya miezi sita. Ikikosekana sindano inayofuata, wabomoaji wanafunguka wote pamoja na njaa yao, na katika muda mfupi kile kilichopatikana kinapotea. Mbaya zaidi, wamama wengine wamepata mifupa kadhaa ya mgongo kubonyea kwa mkupuo, hasa wale ambao mgongo ulikuwa umevunjika mbeleni. Madaktari wanasema sindano isichelewe zaidi ya mwezi mmoja kupita tarehe yake, na mtu asiiache bila kupewa dawa nyingine mahali pake. Yaani ukiianza umesaini mkataba wa miaka.

Tukajiuliza wazi. Msafiri wa kwanza ataleta sindano, sawa. Wa pili baada ya miezi sita? Wa tatu? Binti akipoteza kazi? Na njiani, dawa hiyo inataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikitoka kwenye frigo inavumilia siku zilizohesabiwa tu, tena joto lisipite digrii 25. Sisi tunajua joto la ndani ya boti saa nane mchana. Tunajua pia umeme wetu. Mwalimu mmoja kati yetu ana frigo nyumbani, na ndani yake anatunza nguo za mtoto zisiliwe na panya.

Tulisikia pia habari ya mama mmoja wa mbali aliyepigwa sindano mbili zilizotoka nje ya nchi, alitembea vizuri mwaka mzima, ya tatu haikufika. Hakuna aliyemwambia kwamba kukatiza ni hatari. Mgongo ulimrudisha kitandani. Hatuwezi kuapa ni kwa sababu hiyo, hakupigwa radio ya pili. Lakini habari hiyo ndiyo iliyotufanya tupige simu kwa binti wa Ulaya kabla hajalipa.

Hatusemi denosumabu ni dawa mbaya. Mwenye figo dhaifu hawezi kupewa asidi zoledroniki, na kwake denosumabu inaweza kuwa njia, kwa sababu haipiti kwenye figo. Hata hapo si bila hofu: mwaka 2024 wakubwa wa dawa wa Marekani waliweka onyo kali kwamba kwa wagonjwa wa figo zilizokwisha chakaa kabisa inaweza kuangusha kalsiamu ya damu kwa hatari. Dawa hiyo ni ya mtu mwenye uhakika wa sindano inayofuata. Moba uhakika huo hatuna.

Basi serumu. Lakini serumu nayo ina masharti yake, na tungependa mama yeyote anayeandikiwa ayatafute moja moja kwa daktari wake.

Damu ipimwe kwanza: kreatinini kwa ajili ya figo, na kalsiamu. Kalsiamu ikiwa chini, irekebishwe, pamoja na vitamini D, kabla ya chupa kufunguliwa. Siku ya serumu mama anywe maji ya kutosha asubuhi, na siku hizo asipigwe diklofenaki hata mgongo ukilia, maana figo zinabeba mzigo tayari. Daktari wetu anapenda serumu ipite kwa nusu saa badala ya robo. Hatukubishana naye.

Meno yaangaliwe. Dawa hizi zote zinazofunga wabomoaji zinaweza, kwa nadra, kufanya mfupa wa taya usipone baada ya jino kung'olewa. Jino bovu linatoka mbele, kidonda kinapona, ndipo dawa.

Na homa! Katika siku tatu za kwanza baada ya serumu ya kwanza, wengi wanapata homa, baridi, kichwa na viungo kuuma. Parasetamoli inasaidia, na mara ya pili homa huwa ndogo. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ionyeshwe vingine, kwa hiyo mama apimwe malaria kweli kweli, asimezeshwe tu dawa, lakini pia jirani asiseme “mmemwua kwa dawa ya wazungu”. Familia ikijua mbele, haishtuki.

Serumu hii si kwa mama anayeweza bado kubeba mimba, isipokuwa daktari mkubwa aamue kwa sababu yake. Na kabla ya kusema osteoporozi, mgongo wa mtu, hasa kijana, unaotoa nundu pamoja na homa za jioni na kukonda, uchunguzwe kifua kikuu, ambacho kinaingia hata kwenye uti wa mgongo. Dawa zake zinatolewa bure, na ni dawa nyingine kabisa.

Kwa wale ambao matumbo yao ni mazima, tusisahau kidonge cha alendronati, miligramu 70 mara moja kwa juma. Ni rahisi kupata kuliko serumu. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji glasi nzima, kisha mama akae wima nusu saa bila kula wala kulala. Mwenye vidonda au anayekwama kumeza asijaribu. Sindano si lazima iwe bora kwa sababu ni sindano. Tabia yetu ya kudharau kidonge tumeirithi wapi hatujui.

Wamama vijana watatuuliza: na sindano yetu ya miezi mitatu ya kupanga uzazi? Ni swali zuri. Ni kweli kwamba inapunguza kidogo uzito wa mfupa wakati inapotumiwa, na mwaka 2004 Marekani waliandika onyo juu yake. Lakini kwa sehemu kubwa mfupa unarudi baada ya kuiacha, na Shirika la Afya Duniani halikuwawekea mpaka wanawake wa miaka 18 hadi 45. Mwenye wasiwasi, msichana mdogo sana, au mama aliyekaribia kukoma hedhi, azungumze na mwuguzi juu ya njia nyingine. Asiiache kimya kimya na kurudi mwaka ujao na mimba ya nane.

Chakula tutaandika siku nyingine. Kwa leo: ndakala mzima, na kichwa chake na miiba yake, ana kalsiamu ambayo mikebuka iliyotolewa mifupa haina. Ziwa linatupa, na sisi tunawauzia wasafiri ndakala na kuwapa wazee mchuzi. Lengalenga pia. Na mzee atoke nje juani, atembee na fimbo, na usiku njia ya choo iwe na taa.

Tumalizie habari ya mama mkwe. Binti wa Ulaya alikasirika kidogo, maana alikuwa amekwisha kuuliza bei, lakini alisikiliza. Fedha aliyokuwa atumie kwa sindano ya kwanza ameituma kwa vipimo na kwa chupa ya asidi zoledroniki, miligramu 5, ambayo kaka wa mwenzetu atainunua Lubumbashi kwenye duka la dawa lenye risiti. Chupa ikiwa haijafunguliwa haihitaji frigo. Kreatinini imepimwa, daktari ameikubali. Mdomoni alikutwa na jino moja bovu, likang'olewa Jumanne, na sasa tunangoja fizi zifunge. Upungufu wa fedha ya safari umezibwa hivi: mwenzetu atapokea likelemba mwezi huu badala ya mwezi wa tisa, na mama aliyekuwa na zamu ya mwezi huu amekubali kungoja, kwa sharti kwamba siku ya serumu yeye ndiye atakayekaa karibu ya kitanda kuhesabu dakika.